Mjane Hakuomba Kadhi Afe: Uhakiki wa Mahubiri Yetu juu ya Waamuzi Waovu Waliofia Vitani

1. Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki aina moja ya mahubiri ambayo wengi wetu tumeyasikia na ambayo baadhi yetu, tukisema kweli, tumeyahubiri. Ni mahubiri yanayosimulia habari za mtu mwovu aliyepewa mamlaka ya kuwahukumu wengine, akawaonea wanyonge kwa miaka, kisha akafa ghafla wakati wa vita. Mhubiri hufunga kitabu na kuwaambia washarika: mmeuona mkono wa Mungu. Washarika huitika Amina, nao hurudi nyumbani wameridhika.

Mahubiri haya hupendwa kwa sababu yana kisa, yana adui, na yana mwisho unaoeleweka hata na mtoto wa kipaimara. Lakini kupendwa si kipimo cha mahubiri. Yatupasa kuuliza kama ni kweli, na kama ni Injili.

Sisi tunaoandika tukiwa Mwanza hatuulizi swali hili kwa mbali. Tarehe 29 Machi 1979, Vita vya Kagera vilipokuwa vikielekea mwisho, ndege ya Libya aina ya Tupolev iliyotumwa kumsaidia Idi Amin ilikuja kuupiga mji wetu. Mabomu yake yaliukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa. Mji ukasalimika. Majuma mawili baadaye Kampala ilianguka, na katika siku zizo hizo za Aprili aliuawa mmoja wa waamuzi waliotisha kuliko wote katika utawala wa Amin. Ni rahisi sana kuviunganisha visa hivi viwili: silaha ya dhalimu ilikosa shabaha, na silaha ya Mungu ikampata dhalimu. Urahisi huo ndio unaotutia mashaka.

2. Mwenyekiti wa mahakama ya kijeshi

Mwamuzi huyo aliitwa Juma Ali Oka Rokoni, lakini watu wengi walimjua kwa jina la Juma Butabika. Butabika ni mahali ilipo hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Kampala, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mwenendo wake. Alikuwa Luteni Kanali katika jeshi la Uganda. Hakuwa mwanasheria.

Ili tuelewe jinsi askari asiyesomea sheria alivyopata kukaa katika kiti cha hukumu, ni lazima tukumbuke hatua zilizotangulia. Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwaka 1973 ilitolewa amri iliyoruhusu raia kushtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi, ambazo wajumbe wake walikuwa askari. Mahakama za kawaida hazikufutwa, majengo yake yalibaki na majaji wake waliendelea kuvaa majoho, ila kesi ambazo mtawala alizijali zilihamishiwa mahali pengine. Mahali hapo pengine ndipo Butabika alipokaa kama mwenyekiti.

Matunda ya mahakama hizo yanajulikana. Mwezi Juni 1975 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo Denis Hills, mwalimu Mwingereza, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika juu ya Amin katika muswada wa kitabu. Mwezi uliofuata aliachiliwa, baada ya James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, kusafiri mwenyewe hadi Kampala. Septemba 1977 zaidi ya watu kumi waliohukumiwa kwa njia hiyo walipigwa risasi hadharani kwenye Mnara wa Saa mjini Kampala. Hao hawakupata waziri wa kuja kuwachukua. Mahakama ambayo hukumu yake ya kifo hufutwa kwa safari ya mgeni mmoja haikuwa imepima ushahidi tangu mwanzo.

Masimulizi ya maofisa wa zamani wa jeshi la Uganda humtaja pia Butabika kuwa ndiye aliyeanzisha, bila kuamriwa, mashambulio ya kwanza katika mpaka wa Tanzania mwezi Oktoba 1978. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Amin yaliikalia nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita. Miezi mitano baadaye majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yalifika Kampala, na Butabika akafa vitani.

3. Kisa kinachofanana nacho

Wanafunzi wa historia ya Kanisa wanakijua kisa cha namna hii kutoka Ujerumani. Roland Freisler, mwanasheria msomi, alikuwa mmoja wa waliohudhuria mkutano wa Wannsee tarehe 20 Januari 1942, uliopanga maangamizi ya Wayahudi. Agosti mwaka huo akawa rais wa Volksgerichtshof, yaani Mahakama ya Umma, chombo cha Hitler cha kuwaangamiza wapinzani. Tarehe 22 Februari 1943 aliwahukumu kifo Hans na Sophie Scholl pamoja na Christoph Probst, wanafunzi waliosambaza vipeperushi, nao wakauawa siku hiyo hiyo. Baada ya jaribio la kumwua Hitler la tarehe 20 Julai 1944, aliwahukumu wengi wa waliohusika huku akiwafokea na kuwadhihaki.

Miongoni mwao alikuwa Helmuth James von Moltke, aliyenyongwa tarehe 23 Januari 1945. Moltke alimwandikia mkewe kwamba mwishoni alisimama mbele ya Freisler si kama tajiri wala kama mtu wa ukoo mkubwa, bali kama Mkristo tu. Freisler mwenyewe alikuwa amekiri mahakamani kwamba Ukristo na chama chake vilifanana katika jambo moja: vyote viwili vilimdai mtu mzima.

Tarehe 2 Februari 1945 Freisler aliwahukumu kifo Klaus Bonhoeffer, ndugu wa mwanateolojia Dietrich, na shemeji yao Rüdiger Schleicher. Kesho yake ndege za Marekani zikaishambulia Berlin mchana kweupe, na Freisler akauawa. Inasimuliwa na watu wa ukoo wa Bonhoeffer kwamba daktari aliyeitwa kumtazama alikuwa Rolf Schleicher, ndugu wa Rüdiger, aliyekuwa mjini kumwombea ndugu yake. Alimkuta aliyemhukumu ndugu yake jana ni maiti.

Mhubiri gani angekiacha kisa kama hicho? Lakini asikomee hapo, asome mpaka mwisho. Dietrich Bonhoeffer alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Klaus na Rüdiger walipigwa risasi usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili. Mwamuzi alikuwa amekufa, lakini hukumu zake ziliendelea kuishi na kuua. Kwa Fabian von Schlabrendorff, ambaye kesi yake ilikatizwa na shambulio lile, kifo cha Freisler kilikuwa mlango wa kuokoka, kwani mwezi Machi aliachiwa huru na mahakama hiyo hiyo. Kwa wengine bomu lile lilichelewa, au halikubadili neno.

4. Makosa matatu ya mahubiri haya

Tukiyapima mahubiri tunayoyahakiki kwa visa hivi viwili, tunaona makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kumtenga mfu mmoja kutoka katika wafu wengi. Bomu halisomi majina. Siku aliyokufa Freisler walikufa Berlin watu zaidi ya elfu mbili: wanawake, watoto, wakimbizi. Kama bomu lilitumwa kwa Freisler, wale wengine walitumiwa nini? Bwana wetu aliulizwa swali la namna hii, naye akawakumbusha watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara katika Siloamu. Alikataa kabisa kuwafanya wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, akawageuzia waulizaji wito wa toba (Luka 13:1-5). Sisi wa kanda ya ziwa tungepaswa kulielewa neno hili kuliko wote. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228. Mchungaji aliyesimama mbele ya majeneza yale hakuthubutu kusema kwamba Mungu alikuwa akiwahukumu waliokuwamo. Basi kipimo tulichokikataa kwa ndugu zetu hatuwezi kukichukua tena pindi anapokufa tunayemchukia.

Kosa la pili ni kusahau jinsi wenye haki wanavyokufa. Uganda ilikuwa na Jaji Mkuu jina lake Benedicto Kiwanuka, mtu aliyewahi kuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Septemba 1972 mahakama yake iliamuru kuachiliwa kwa Mwingereza mmoja aliyezuiliwa na askari kinyume cha sheria. Siku chache baadaye, tarehe 21 Septemba, askari walimkamata katika jengo la Mahakama Kuu, na hakurudi tena. Kama kifo cha ghafla cha Butabika ni hukumu ya Mungu juu ya mwamuzi mwovu, kifo cha Kiwanuka ni hukumu ya nani juu ya mwamuzi mwema? Na Amin mwenyewe, aliyewaweka waamuzi na kuwaondoa, alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, hospitalini, zaidi ya miaka ishirini na minne baada ya kukimbia Kampala. Mahubiri yetu yanamtaja mtumishi aliyefia vitani na kumruka bwana aliyefia kitandani. Ushahidi unaochaguliwa hivyo usingekubaliwa hata katika baraza la kata.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la mafundisho. Katika Katekisimo Ndogo tunafundisha kwamba amri ya pili inatukataza kusema uongo au kudanganya kwa jina la Mungu. Kwa kawaida tunawaonya washarika juu ya viapo na uganga. Hatujionyi wenyewe juu ya kudai kwamba tunajua Mungu alikusudia nini katika tukio ambalo hakutufunulia. Anayesema hili ni la Mungu pasipo neno la Mungu ametumia jina hilo bure, hata kama machozi yanamtoka. Luther, katika Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518, alitofautisha teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba. Teolojia ya utukufu husoma ushindi na kusema Mungu yuko hapa. Teolojia ya msalaba humtafuta Mungu pale alipoahidi kupatikana, yaani katika mtu aliyehukumiwa na mahakama mbovu, akauawa nje ya mji. Pontio Pilato hakupigwa na radi siku ya Ijumaa Kuu. Imani yetu yote imesimama juu ya siku ambayo mwamuzi alirudi nyumbani salama.

Hapa mtu wa Mwanza atauliza: je, tusimshukuru Mungu kwa ajili ya mabomu yaliyoangukia Saanane? Tumshukuru, tena kwa moyo wote. Lakini shukrani na maelezo ni vitu viwili. Anayeshukuru husema: tumepewa uhai ambao hatukuustahili. Anayeeleza husema: tuliokolewa kwa sababu hii, na wengine hawakuokolewa kwa sababu ile. Wakati mji wetu uliposalimika, kaskazini ya mto Kagera walikuwako watu waliokwisha kuzika ndugu zao, waliochomewa nyumba na kuporwa ng'ombe. Walikuwa Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, na wengi walikuwa Walutheri wa dayosisi ya Askofu Josiah Kibira, ambaye wakati huo alikuwa pia Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Nani atakwenda kuwaambia kwamba Mungu aliyageuza mabomu ya Mwanza na kuziacha risasi za Kyaka zipite?

5. Mshale wa Ahabu

Haki inatudai tusikilize pingamizi kubwa linaloweza kuletwa dhidi yetu, nalo linatoka katika Maandiko yenyewe. Mfalme Ahabu aliruhusu mahakama ya uongo imhukumu Nabothi kwa ushahidi wa kununuliwa, akachukua shamba lake la mizabibu (1 Wafalme 21). Baadaye alikwenda vitani Ramoth-gileadi akiwa amejigeuza asitambulike. Askari mmoja alivuta upinde kwa kubahatisha, mshale ukampata mfalme kati ya viungo vya mavazi yake ya vita (1 Wafalme 22:30-34). Hiki ni kifo cha mwamuzi mwovu wakati wa vita, na Biblia inakiita wazi kuwa ni hukumu ya Bwana. Kwa nini basi sisi tusiseme hivyo hivyo?

Tunajibu kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba Biblia hiyo hiyo inamsimulia mfalme Yosia, mtu wa haki aliyerudisha torati. Naye alikwenda vitani akiwa amejigeuza, naye alipigwa na wapiga mishale, naye akafa (2 Mambo ya Nyakati 35:22-24). Vazi ni lile lile, na silaha ni ile ile, lakini watu wawili hawa hawafanani. Namna ya kufa peke yake haitwambii lolote. Ajitazamaye katika mshale hataona tofauti kati ya Ahabu na Yosia.

La pili ndilo kiini cha makala yetu. Katika habari za Ahabu, neno lilitangulia mshale. Eliya alimkuta mfalme akiwa hai, amesimama katika shamba aliloliiba, akamwambia usoni. Mikaya mwana wa Imla alisema mbele ya manabii mia nne waliosema kinyume chake, akapigwa shavuni na kutiwa gerezani. Mshale ulipofika ulitimiza neno lililokwisha kugharimiwa. Mahubiri yetu yamegeuza utaratibu huo. Tunangoja mshale, tunaikagua maiti, na tukishahakikisha kwamba haiwezi kuinuka, ndipo tunalitamka neno la Bwana. Huo si unabii. Ni kuandika barua baada ya kuuona muhuri wa posta.

Uganda ilipata watu walionena kabla ya mshale. Tarehe 10 Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Amin wakilalamikia mauaji na uvamizi wa askari. Tarehe 16 Februari Luwum alisimamishwa mbele ya umati wa askari mjini Kampala, akasomewa mashtaka, na askari wakapiga kelele wakitaka auawe. Siku hiyo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Kelele za askari ndizo zilizokuwa mahakama yao.

Yuko pia Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye wazee wa Dodoma walimjua kama mwalimu kabla hajawa askofu. Februari 1973, watu watatu walipopigwa risasi hadharani mjini Kabale, Kivengere alikwenda uwanjani kuzungumza nao kabla ya kuuawa, akawakuta wana amani katika Kristo. Baada ya kifo cha Luwum alilazimika kukimbia, na mwaka huo huo wa 1977 akaandika kitabu alichokiita kwa Kiingereza I Love Idi Amin, yaani Ninampenda Idi Amin. Wako waliokichukia kichwa hicho cha kitabu, nasi tunakiri kwamba ni kigumu kumeza. Lakini mwandishi wake hakuwa mtu wa kunyamazia uovu, maana alikuwa miongoni mwa maaskofu waliosimama na Luwum. Aliwezaje kusema yote mawili? Kwa sababu alimwambia dhalimu ukweli alipokuwa hai, hakuwa na deni la kumlipa akiwa maiti. Pengine hamu yetu ya kuhubiri juu ya maiti za wadhalimu inatokana na deni hilo.

6. Hukumu iliyokosekana

Tumesema kwamba kifo cha vitani si ufunuo. Sasa tuongeze kwamba si haki pia. Mwamuzi mwovu anapouawa kwa bomu au risasi, jambo moja kubwa hupotea: hakuna atakayemsimamisha, amsomee majina ya aliowahukumu, na kumwambia ajibu. Aliwanyima wengine kesi ya haki, naye akaondoka pasipo kesi.

Ujerumani inaonyesha hasara hiyo. Hans-Joachim Rehse, aliyekaa pamoja na Freisler katika kiti cha hukumu, alitiwa hatiani mwaka 1967, lakini hukumu ikatenguliwa, na Desemba 1968 akaachiwa huru. Hakuna hata mmoja wa majaji wa Volksgerichtshof ambaye mahakama za Ujerumani Magharibi zilimtia hatiani kwa hukumu iliyodumu. Mjane wa Freisler aliongezewa malipo ya pensheni mwaka 1974, kwa hoja kwamba mumewe, kama angaliishi, angaliendelea kupata kazi yenye mshahara mnono. Katika hesabu za ofisi ile bomu halikuwa hukumu ya mbinguni, bali ajali iliyokatiza ajira. Bunge la nchi hiyo lilitamka mwaka 1985 tu kwamba chombo kile hakikuwa mahakama, na sheria ya kuzifuta hukumu zake ikapitishwa mwaka 1998. Zilipita zaidi ya miaka hamsini kabla sheria haijawaondolea hatia watu waliokuwa makaburini muda wote huo.

Uganda nayo iliunda tume mwaka 1986 chini ya Jaji Arthur Oder, kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu uliofanyika tangu uhuru. Mashahidi walizungumza hadharani, na taarifa ikatolewa mwaka 1994. Ilikuwa kazi njema. Lakini walikuwako wengi ambao hawangeweza kuulizwa, na mwenyekiti wa mahakama ya kijeshi alikuwa mmoja wao.

Tulinganishe na jambo lililotokea mlangoni petu. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta ziwani maelfu ya maiti kutoka Rwanda, na wavuvi wetu waliziona kwa macho yao. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha hadi Desemba 2015. Mahakama ile ilikuwa na udhaifu wake, ilikwenda polepole na iligharimu fedha nyingi. Hata hivyo wakubwa walikaa kizimbani, mjane akasimama na kusema alichokiona, na mshtakiwa akapewa wakili, kitu ambacho yeye hakumpa mtu. Waliotiwa hatiani hawakuwa wanasiasa na askari tu. Alikuwamo mchungaji, Elizaphan Ntakirutimana, na padri, Athanase Seromba. Hapo Kanisa lilisikia maana ya neno la Petro kwamba hukumu huanzia katika nyumba ya Mungu (1 Petro 4:17). Kama watu hao wangeuawa kwa mabomu njiani, tungehubiri juu ya mkono wa Mungu na tusingejifunza lolote juu yetu wenyewe.

Mafundisho yetu juu ya tawala mbili yanatusaidia hapa. Mungu huutawala ulimwengu pia kwa mkono wa kushoto, kwa njia ya sheria, mahakama na wenye mamlaka (Warumi 13). Basi mahakama ya haki ni kipawa cha Mungu, nayo mahakama ya uongo ni dhihaka juu ya kipawa hicho. Anayeridhika kwamba risasi imemaliza kazi anakidharau kipawa ambacho mwamuzi mwovu alikidharau kabla yake.

7. Hitimisho

Mchungaji afanye nini basi anapoombwa kuhubiri katika kumbukumbu za vita, kwa mfano kwenye makaburi ya mashujaa wetu pale Kaboya, wilayani Muleba? Asiwanyime watu shukrani zao, wala asiwanyime hasira yao, kwa maana Zaburi zina nafasi ya yote mawili. Awataje waliokufa. Ataje uovu kwa jina lake, asiuite bahati mbaya. Akifika kwenye kifo cha mwovu, aseme kilichotukia, na anyamaze mahali ambapo Mungu amenyamaza. Kisha awaulize washarika, na ajiulize mwenyewe, kama katika wilaya yao leo yuko mwamuzi aliye hai anayehitaji kuambiwa neno.

Katika Luka 18 Bwana wetu anatupa mfano wa kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Mjane alikuwa na sababu zote za kumwombea kadhi yule mabaya. Angeweza kukaa nyumbani akingoja vita, maradhi au mnara wa kumwangukia. Badala yake alikwenda, akaenda tena, akasimama mbele ya mtu aliye hai na kudai haki yake, mpaka akamchosha. Hakuomba kadhi afe. Aliomba kadhi ahukumu kwa haki. Bwana aliyesimulia mfano huo aliuliza mwishoni kama atakapokuja ataiona imani duniani. Tunaamini alikuwa na maana ya imani ya namna ile, inayobisha mlango wa kadhi angali ndani.